Majivu Chini ya Batani

Vijana wa karakana, siku mliponisindikiza stendi ya Biharamulo mlinikabidhi daftari jipya mkaniambia niandike mambo ya kazini, kwa kuwa nilizoea kuyasimulia nusunusu huku nimeuma waya mdomoni. Nimekaa nalo wiki tatu hapa kwangu Keza bila kuandika neno. Si kwamba sina la kusema. Lipo moja, na kila nikishika kalamu linataka kuyatangulia mengine.

Siku ile ya kuagana mlikuwa mnabishana. Mmoja wenu alisema kisanduku kipya cha gemu kipakwe rangi kali na michoro ya wanyama, kwa sababu mteja wetu ni mtoto. Mwingine akasema hapana, kiwe cha familia, kikae sebuleni, baba na mama nao washike pedi. Mkanigeukia niwaamulie. Nikasema nina haraka ya basi. Sikuwa na haraka yoyote. Basi lenyewe lilichelewa saa mbili, nikakaa peke yangu stendi nikitazama mbuzi wakila maganda ya ndizi. Swali hilo nilikwisha kulijibu mara moja maishani, kwa maandishi, na jibu langu liliumiza watu.

Kama daftari hili litamfikia mtu asiyenijua: mimi ni Generoza, fundi wa vitu vya umeme, mzaliwa wa Ngara. Kampuni niliyoitumikia iko Mwanza na inatengeneza mashine ndogo ya gemu, ile ambayo watu wa huku wanaiita kisanduku. Unaichomeka kwenye televisheni, unashika pedi yenye batani, unacheza. Inakubali betri ya sola, ndiyo maana ilifika hata mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa fundi wake na wakala wake katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayakuwa mengi ya kujaza ukurasa.

Ufundi nilijifunza Ngara mjini kwa mzee Laurian, wakati kambi za Lukole zilipokuwa bado zimejaa wakimbizi. Kila mtu kule alitaka kusikia habari za kwao, kwa hiyo redio mbovu zililetwa kwa magunia. Mzee Laurian aliita redio "ledio" na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Siku ya kwanza alinipa redio ya mama mmoja mkimbizi, akaniambia niifungue tu, nisiguse kitu. Niliifungua, nikapoteza skrubu mbili, nikaanza kulia. Akaniambia machozi yana chumvi na chumvi inakula bodi, nikalie nje.

Alikuwa na mita moja yenye kioo kilichopasuka na chuma cha kulehemu alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Utaratibu wake ndio niliowafundisha ninyi: nusa mashine kwanza, kama kuna kilichoungua utakijua, kisha tazama swichi, kisha fuata waya, bodi iwe ya mwisho. Na uchafu usiufute kabla hujautazama, kwa sababu uchafu unakueleza mashine ilikuwa wapi. Alikuwa pia na tabia ya kumuuliza kila mteja anasikiliza na nani. Redio inayosikilizwa na watu wengi aliitengeneza kwanza. Nilidhani ni huruma. Baadaye alinieleza kuwa redio ya watu wengi huguswa na wengi, hivyo huharibika haraka na kurudi haraka.

Kambi zilipofungwa, redio zikapungua, kisha simu zikaja zikazimaliza. Mzee Laurian akarudi shambani. Mimi nikasikia kuna kampuni Mwanza inatafuta fundi anayejua barabara za huku na asiyeogopa pikipiki. Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani. Nikapewa ovaroli ya mwanamume mrefu, nikaikunja mara nne miguuni, na nikaambiwa nifungue visanduku sita vilivyorudishwa kutoka vijijini. Vitano havikuwa na ubovu wowote. Mende walikuwa wameingia karibu na adapta kufuata joto, wakazaa humo. Niliandika kwenye fomu: "Mende." Mkuu wa karakana akaniambia niandike kitaalamu. Nikaandika: "Mende wengi." Tangu siku ile tukaweka wavu kwenye matundu ya hewa, na wavu huo mnaouona hadi leo ni mchango wangu ninaoweza kuutaja bila kuinamisha kichwa.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Mwaka mmoja mauzo yalilala. Mkurugenzi akaniita Mwanza, akaniambia kampuni haina nguvu ya kukimbiza sungura wawili. Kulikuwa na mawazo mawili mezani. Moja, kuuza kisanduku chenye pedi nne kwa familia, kiwe na gemu za watu wote, zikiwemo bao na kuendesha gari. Jingine, kuweka visanduku kwenye vibanda karibu na shule na masoko, mtoto atumbukize sarafu, acheze dakika chache, amalize. Akanituma nizunguke wilaya zangu mbili miezi mitatu, kisha nimwandikie tumlenge nani.

Nilizunguka. Upande wa Biharamulo nilikaa siku mbili kwa familia moja ya Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Niliwaachia kisanduku cha majaribio. Mama wa nyumba hiyo, ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, alimpita mumewe kwenye mbio za magari mara tatu mfululizo, na mzee yule alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Watoto walikuwa wakiwafundisha wazazi. Nilikiona kitu kizuri kwa macho yangu, nataka mlijue hilo. Sikuandika nilichoandika kwa kutojua.

Upande wa Ngara nilikwenda kijiji kimoja cha kata ya Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Kijiji sitakitaja. Huko nilifikia kwa Pastory na mkewe Anastela, wakulima wa maharage na migomba, watu wa kanisani, ambao walinipa chumba kila nilipopita na hawakukubali nilale kwenye nyumba ya wageni. Mtoto wao wa kwanza, Editha, alikuwa darasa la tano. Nilipowafungia kisanduku, Editha alikielewa kabla sijamaliza kueleza. Pastory alikitaka. Anastela alikitaka pia, lakini akasema wasubiri mavuno ya maharage, waone. "Tutafikiri, fundi," aliniambia. "Kikija hapa kiwe chetu sote, si cha mtu mmoja kujifungia nacho."

Kila nyumba nilipata jibu la namna hiyo. Tutafikiri. Tumalize ada. Tumuulize bibi. Kwenye vibanda vitatu vya majaribio hakuna aliyekuwa anafikiri. Watoto walisukumana mlangoni.

Nikarudi Biharamulo, nikaandika ripoti. Ilikuwa na kurasa tisa, lakini mkurugenzi alisoma mstari mmoja na akaupenda sana hata akaubandika ukutani ofisini kwake. Niliandika: "Mzazi hufikiri, mtoto hulia. Tumlenge anayelia." Nilijiona nimesema neno la akili. Nilimpigia dada yangu simu nikamsomea. Akauliza watoto wanalia kwa nini. Nikamwambia haelewi biashara.

Sikuishia hapo. Mimi ni fundi, na fundi akipewa sifa huongeza kazi. Katika vibanda vile muda ulipokwisha, gemu ilizimika na mtoto akaondoka zake. Nikabuni kitu tulichokiita kikatizo. Muda ukiisha, gemu haizimiki. Inasimama pale pale ilipofika, na namba zinaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mtoto anaona gari lake liko mbele ya wote, limesimama, linamsubiri. Akirudi na sarafu kabla ya namba kufika sifuri, anaendelea. Asiporudi, yote yanapotea. Niliweka muda mrefu makusudi. Nilipima kwa saa ya mkononi mtoto wa darasa la tatu anachukua muda gani kukimbia nyumbani na kurudi, kisha nikaongeza kidogo kwa ajili ya kutafuta. Kutafuta nini, sikujiuliza.

Visanduku vya vibandani vikaenea. Kule Murusagamba, kijijini kwa Pastory, kimoja alikichukua kijana anaitwa Philbert, akakijengea kibanda cha mabati hatua chache kutoka shule ya msingi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikinukia, Philbert aliponipigia simu kuwa batani za pedi zimeganda. Nilifika asubuhi. Nikafungua pedi ya kwanza mezani kwake, nikafanya kama nilivyofundishwa, nikautazama uchafu kabla ya kuufuta. Vumbi la huko ni jekundu. Linaingia hata ndani ya saa. Lakini chini ya zile batani hapakuwa na vumbi jekundu. Palikuwa na unga wa kijivu, laini, umeshikana na jasho. Nikaunusa. Majivu.

Nikamuuliza Philbert kama anapikia humo ndani. Akasema hapana. Kisha, bila kuficha, akanionyesha debe nyuma ya mlango. Lilikuwa limejaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Watoto wasio na sarafu huleta chochote, alisema, mayai, karanga, maharage, na yeye huwabadilishia sarafu. Haya ya majivu yote yaliletwa na yule binti wa Pastory, kwa kopo, tangu mwezi wa saba. Akasema anacheza kuliko wavulana wote.

Msomaji wa mjini huenda asijue. Maharage ya kula hayawekwi majivu. Majivu huwekwa kwenye mbegu, ili fukusi wasizitoboe mpaka siku ya kupanda. Mimi ni mtoto wa Ngara, nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Niliitazama ile mbegu ndani ya debe, nikasafisha batani kwa spiriti, nikafunga skrubu, nikajaribu pedi. Ilifanya kazi vizuri.

Mchana nilikwenda kwa Pastory kusalimia. Uani kulikuwa na watu kama ishirini. Anastela alikuwa ameshika chungu cha mbegu mikononi. Asubuhi hiyo alikifungua kwa ajili ya kupanda akakuta mbegu tabaka la juu tu. Chini kulijazwa pumba za maharage na majivu. Mbegu ile aliipata kwa mama yake siku alipoolewa, na haiuzwi sokoni. Alikuwa analia bila sauti.

Chini, katikati ya watu, alikuwa amekaa Nestori. Huyu alikuwa kibarua wa Pastory, Mrundi wa ng'ambo, mtu mzima mwenye familia, aliyekuja kila msimu kulima na kulala kwenye banda jirani na ghala. Mgeni analala karibu na ghala, mbegu imepotea. Watu hawakuhitaji kufikiri zaidi. Vijana wawili walikuwa tayari na fimbo.

Aliponiona na mfuko wangu wa vifaa na ovaroli yenye maandishi ya kampuni, Nestori alidhani mimi ni mtu wa serikali. Akanigeukia. Alisema polepole kwa Kiswahili chake cha kujifunza shambani:

"Mama, wewe ni mtu wa ofisi. Waambie waangalie nguo zangu. Waangalie mahali ninapolala. Mtu akichota kwenye majivu, majivu yanabaki kwake."

Alikuwa anasema kile kile nilichokiona asubuhi ile. Watu wote wakanitazama. Editha alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sare yake ya shule, mikono ameificha nyuma. Niliitafuta ile mikono kwa macho, na yeye akaona ninaitafuta.

Nikasema, "Sihusiki na mambo ya hapa."

Ni maneno matano. Nimeyahesabu mara nyingi. Nilijiambia namhifadhi mtoto asipigwe. Nilijiambia pia kwamba mambo ya mtu na nyumba yake si ya mgeni. Lakini ninyi nitawaambia ukweli: nilichokiwaza kwanza, kabla ya mtoto, ni kwamba nikisema, kibanda kitafungwa, na habari zitafika vijiji vingine, na mstari wangu ulioko ukutani Mwanza utashushwa. Nikawasha pikipiki. Nilikuwa sijafika hata barabarani niliposikia fimbo ya kwanza, na sikuzima injini.

Baadaye nilisikia kwamba Nestori alivunjwa mkono wa kushoto na kuvushwa mpaka wa Burundi siku ile ile.

Niliendelea na kazi zaidi ya mwaka. Nilitengeneza vikatizo, nikawafundisha wawili kati yenu kuvilehemu, mtakumbuka. Nilipopita Murusagamba nilifanya kazi na kuondoka, nikisema nina haraka. Kumbe haraka ni uongo niliouzoea tangu zamani.

Siku moja Anastela alinikuta njiani akitoka kisimani, akanishika mkono, akalalamika kwamba siku hizi nawapita kama siwajui. Nikaingia kwake, nikakaa. Aliniwekea ndizi na maharage. Tukazungumza habari za kawaida, mvua, ndoa ya mdogo wake. Editha alikuja, akaniamkia shikamoo huku akitazama chini, akachukua ndizi tupu kwenye sahani yake, akaenda kula nje. Mama yake akatikisa kichwa. Akasema mtoto huyu amekuwa na mambo, mwaka mzima sasa hali maharage, ukimlazimisha anatapika. Wamempeleka zahanati hawakuona kitu.

Alilisema kama mtu anayelalamikia kuku asiyetaga. Mimi kijiko kilinishinda.

Sikumwambia siku ile. Nilijua kuna mtu wa kuambiwa kwanza, nikaanza kumwulizia Nestori kwa Warundi wanaovuka kuja sokoni. Ilichukua majuma kadhaa. Kumbe hakuwa mbali. Alikuwa amerudi upande huu na kupata kazi hapa hapa Keza, kwa mwenye shamba la mihogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kiwanjani kwangu. Nilimkuta anamenya mihogo. Alikuwa anaibana kwa mapaja, kwa sababu mkono wa kushoto haukunjuki.

Nilimsalimu "Amahoro", akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, kuanzia pedi na debe mpaka yale maneno matano. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliendelea kumenya. Aliniuliza kama Anastela alipata mbegu ya kupanda mwaka ule. Nikamwambia aliazima kwa majirani, lakini ile ya mama yake iliishia kwenye debe la Philbert, haikupatikana tena. Akasikitika, nikaona kwamba anasikitika kweli.

Kisha akasema, "Mimi si mtu wa kuniambia, mama. Mimi nilijua siku ile ile kwamba sikuiba. Kawaambie wao."

Nikamwomba twende pamoja, nimsafishe mbele yao. Akakataa. Alisema kule hawezi kutembea katikati ya watu wale wakimtazama mkono.

Basi nilikwenda peke yangu. Kwanza niliwaambia Pastory na Anastela nyumbani kwao, na nilimwomba Anastela kitu kimoja, mtoto asipigwe. Anastela alimwita Editha, akamweka karibu yake, akamfunika kwa khanga kama mtoto wa mwaka mmoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto hakuwahi kuhitaji kulindwa kwa ukimya wangu. Sababu yangu nzuri kuliko zote ikafa pale.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya kigango, mwenyekiti wa kitongoji alinipa nafasi. Nilisimama na kusema. Nilimtaja Nestori kwa jina, nikasema si mwizi, nikasema nilijua siku ile na nikanyamaza. Jina la Editha sikulitaja, nilisema watoto walibadilisha mbegu kwa kucheza mashine yangu. Lakini kijiji si kipofu. Hakuna aliyenizomea. Wale vijana wawili wa fimbo walitoka mmoja mmoja. Kisha Pastory akasimama akauliza swali moja: lile wazo la gemu kusimama na kumsubiri mtoto akimbie nyumbani lilikuwa la nani.

Nikasema, "Langu."

Akakaa. Mwenyekiti akasema tumesikia.

Nilipokuwa nafunga mfuko kwenye pikipiki, Editha alinifuata. Alikuwa amekuwa mrefu. Alizungumza bila kunitazama, akikwaruza tairi kwa ukucha.

"Nilijua kwamba unajua. Ulinitazama mikono. Kila Jumapili nilikuwa naomba usirudi tena hapa."

Nilimwambia anisamehe. Akaniuliza kama mkono wa Nestori utapona. Nikamwambia hapana, na nashukuru kwamba angalau hilo sikumdanganya.

Kijiji kilifunga kibanda wiki ile. Philbert alikasirika, na hakukosea kukasirika, kwa sababu mimi ndiye niliyemwuzia. Pastory alikwenda Keza na wazee wawili na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kumwomba Nestori radhi. Nestori akanywa nao, wakazungumza mpaka jioni, lakini kulima kwa Pastory hakurudi. Anaendelea na mihogo. Wakati wa kupalilia huwa ananipitia hapa, tunakula pamoja, na lile jambo hatulitaji. Editha sasa yuko sekondari ya bweni. Sijamwuliza mama yake kama anakula maharage. Naogopa jibu.

Kwa kampuni niliandika barua kuomba kikatizo kiondolewe na tuache vibanda. Nilijibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mnajua ninyi maana ya kupokelewa. Vikatizo viliendelea kutoka Mwanza, na mimi niliendelea kuvitengeneza vilipoharibika, kwa sababu nilikuwa nimebakiza miaka michache. Hilo pia liandikwe. Kilichotubadilisha baadaye haikuwa barua yangu. Vijiji kimoja baada ya kingine vilikataza vibanda karibu na shule, wateja wa namna hiyo wakaisha, ndipo tukakumbuka familia. Tukachapisha boksi lenye picha ya baba, mama na watoto wawili wanacheka. Mstari wangu ukashushwa ukutani, na aliyeushusha aliunyoosha vizuri akauweka kwenye faili.

Ninyi mlikuwepo siku ya kuniaga. Mkurugenzi alisimama akasema mama Generoza ndiye aliyetufungua macho kuwa mteja wetu ni familia. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na kipande cha keki mkononi. Ningeweza kusema hapana, sivyo ilivyokuwa. Nilisema ahsanteni sana, kisha nikapiga makofi pamoja nanyi.

Kwa hiyo nawajibu sasa lile mliloniuliza. Nimeliwaza sana na sioni kwamba jibu liko kwenye rangi ya boksi. Mtoto atacheza tu, na acheze. Nimeona nyumba ambayo mchezo uliwaleta wote sebuleni. Lakini auziwe mtu anayeweza kusema hapana. Anastela aliweza kusema tutafikiri, na mimi nikaona jibu lake ni hasara, nikampita nikamfuata mwanawe ambaye hakuweza. Mkichagua familia kwa sababu vibanda vimekatazwa, bado mnamtafuta mtoto yule yule, safari hii kupitia mlango wa mbele.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo mkurugenzi hakuwaambia. Kikatizo hakijaondoka. Kimo ndani ya kila kisanduku cha familia kinachotoka leo, kwa kuwa bodi ni ile ile. Fungueni kimoja. Upande wa kushoto, chini ya kapasita kubwa, kuna njia mbili zimeunganishwa kwa tone moja la risasi ya kulehemu. Tone hilo likitolewa, gemu inaanza tena kusimama na kuhesabu. Nililiweka mwenyewe, nilipoambiwa nikizime lakini nisikiharibu, huenda kikahitajika.

Kwenye bodi mpya msikizime. Kikateni kabisa. Kisha chukueni daftari hili mlisome kwa sauti pale karakana, mkurugenzi akiwepo.